Cha Juu cha Gari la Shemeji

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimekabidhiwa gari la shemeji Nasser. Nimekabidhiwa – neno kubwa kwa gari lisilowaka.

Nimefika Kinondoni saa nne asubuhi. Mwamvita kanifungulia geti. Mdogo wangu amekonda, kanga imemzidi. Mumewe yuko kitandani, mito mitatu mgongoni, anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Valvu ya moyo. India wanamsubiri, tiketi ni ya Jumapili tarehe 17.

Gari liko chini ya turubai, wiki ya tatu sasa. Lile jeusi la umeme alilolitoa Uingereza mwaka juzi – nguvu ya farasi mia tano, sifuri hadi mia kwa sekunde tatu na nusu. Watoto wa mtaa waliliita Jini kwa kuwa linakupita huna habari. Sasa hata mlango haufunguki. Siku ya mwisho skrini ilijaa maonyo mekundu, kisha giza. Fundi mmoja wa jirani aliliangalia dakika kumi, akasema betri imekufa, mpya milioni arobaini, kuagiza miezi mitatu. Shemeji hana miezi mitatu.

Kaniambia: "Shemeji, mie nataka milioni thelathini na mbili mkononi. Ukipata cha juu, chako. Bora ule wewe kuliko madalali wa yadi."

Nikamwambia sitaki cha juu. Akacheka mpaka akakohoa. "Chukua bwana! Hata milioni moja, umalizie mabati."

Anajua nyumba yangu ya Tegeta imeezekwa nusu. Mabati ya hiyo nusu alinunua yeye. Hajawahi kulitaja, hata leo hakulitaja. Lakini nililisikia.

Kaniamini kwa sababu mie ni mtu wa kuandika. Miaka kumi na nne kwenye stoo ya vigae, sijapoteza boksi hata moja. Nimeandika: 32 mkononi. Nikapiga mstari chini yake.

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya kutafuta bei. Nimekaa na simu na daftari tangu asubuhi.

Mazima ya aina hiyo, namba E, mwaka ule ule: 85, 88, 92, moja 95 (huyo anaota). Mabovu hayana bei, watu wanauliza tu vipuri. Nimepiga yadi tatu. Ya kwanza walikata simu nilipotaja betri. Ya pili wakasema ishirini, tena kwa huruma. Ya tatu: "Braza, hilo ni friji sasa. Ng'oa siti, uweke soda."

Mke wangu Hamida alisikia, akacheka. Mie pia. Kisha nikamkumbuka shemeji na mito yake mitatu.

32 itakuwa kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Brekidauni imelibeba gari kutoka Kinondoni hadi Kimara, kwa kijana anaitwa Brightson anayetengeneza bajaji za umeme. Nilitaka anieleze ubovu kwa maandishi, ili mnunuzi asije akasema tumemficha.

Dereva wa brekidauni anaongea sana. Njia nzima ananiuliza kama gari la umeme likipita kwenye maji abiria wanakaangwa.

Brightson alizunguka gari mara mbili bila kusema. Akafungua boneti kwa waya, akachomeka kitu, akasubiri. Kisha akaniita.

"Mzee, nani kasema hili limekufa?"

"Fundi."

"Fundi wa kabureta huyo. Hili limezimia tu. Njoo uone."

Kumbe lina betri mbili. Kubwa ya kuendeshea, iko chini sakafuni, na ndogo ya volti kumi na mbili kama ya gari lolote, ya kuwashia kompyuta na kufungulia milango. Ndogo ikichoka, gari zima linajifanya maiti. Akaunga betri ya kuazima. Skrini ikawaka. Akapima ile kubwa: asilimia tisini na moja.

Tisini na moja! Betri ndogo mpya ni laki tatu na themanini.

Nilitoa simu papo hapo. Jina la shemeji likawa mbele yangu, kidole juu yake. Kisha nikafikiri, ngoja. Mgonjwa wa moyo humpi tumaini la nusu. Ngoja Brightson afunge betri mpya, alilaze kwenye chaji, kesho awe na uhakika.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Naiandika ili siku nyingine nije niione.

Jumatano, 6 Agosti

Brightson kapiga saa tano. Gari zima, halina onyo hata moja.

Leo tumeshusha kontena la vigae, maboksi 1,120, yaliyovunjika 9. Kazi nyingi.

Sijapiga.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijapiga.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Brightson ana mteja. Nilimwambia atafute mteja? Sikumwambia. Lakini sikumkataza pia. Anaitwa Adelard, ni mkandarasi wa visima, mtu mpole, shati limechomekewa. Saa tatu alikuwa pale na miwani yake, anasoma matairi.

Tulitoka naye hadi kipande cha barabara ya ndani kule Mbezi, kwa sikukuu hapakuwa na magari. Adelard akalisimamisha gari kabisa. Akaniambia shika. Akakanyaga.

Sina namna ya kuandika. Tumbo langu lilibaki nyuma. Hakuna ngurumo, hakuna gia, ni kama mtu kakusukuma kutoka darini. Nikacheka! Nilicheka kwa sauti kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Na chini ya redio, kwenye kile kisanduku cha katikati, kibanio cha nywele cha Rumaisa, binti wa shemeji, kilikuwa kinarukaruka. Nikanyamaza.

Adelard aliuliza, "Mwenye gari anataka ngapi?"

Mdomo wangu ukasema themanini na tano.

Hakushtuka. Akasema themanini na nne, keshi benki, Jumamosi tarehe 16, mkataba uwe umesainiwa na mwenye kadi. Tukapeana mkono. Mkono wake mkavu. Wangu ulikuwa unavuja jasho.

84 toa 32 ni 52.

Nimeiandika mara tatu nikidhani nimekosea. Cha juu kimeizidi bei yenyewe. Sijawahi kusikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewaza hivi. Kwa taratibu za udalali, mie sijaiba. Mwenye mali kataja bei yake kwa kinywa chake. Kasema cha juu chako, kasema mbele ya dada yangu. Dalali yeyote wa Kinondoni angefanya hivyo hivyo, na angelala usingizi, na kesho angekutana na mwenye gari msikitini wakasalimiana. Laki tatu na themanini za betri nimetoa mimi. Brekidauni nimelipa mimi.

Yote hayo ni kweli. Nimeyasoma upya, na uso unaniwaka.

Bei ile aliitaja kwa gari lililokufa.

Hamida nilimwambia kuna cha juu kizuri kinakuja, sikutaja kiasi. Swali lake la kwanza: "Shemeji anajua kama gari limepona?" Yaani lile lile, bila kuzunguka. Nikasema anajua. Ndiyo hivyo. Mpaka leo nilikuwa nimenyamaza tu. Kuanzia leo nimesema uongo.

Akafurahi maskini. Ameanza kuuliza bati za rangi gani.

Jumapili, 10 Agosti

Kesho nakwenda kumwambia. Nimeshapanga maneno: Shemeji, yule fundi alikosea. Gari zima. Mteja ana 84. Nikifika tu, kabla ya chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilitoka kazini mapema. Kwenye bodaboda nilikuwa nayarudia yale maneno mpaka dereva akaniuliza, "Unasema na mie, mzee?"

Shemeji alikuwa amekaa barazani, simu sikioni, anapatana bei. Nilimsalimia, akaniashiria nikae. Nikasikiliza. Alikuwa anauza fremu ya Magomeni! Duka la marehemu babake, analofungua kila asubuhi tangu ana miaka kumi na saba. "Mie ningeliuza gari nisingeigusa hii," alikuwa anamwambia mtu wa upande wa pili. "Lakini gari limekufa, hela yake haitoshi matibabu, nifanyeje? Jumamosi njoo na hela yako, tumalize."

Akafunika simu kwa kiganja. "Enhe, shemeji! Gari vipi?"

Ilikuwa ndiyo nafasi yenyewe. Kabla ya chai. Kama nilivyopanga.

Nikasema, "Mteja kapatikana. Thelathini na mbili."

Aliinua mikono juu akamshukuru Mungu, simu bado iko hewani, yule wa fremu anaita halo, halo. Mwamvita akatoka jikoni, mikono ina unga, akanibusu mkono. "Kaka, umetuokoa." Unga ukabaki kwenye mkono wa shati.

Nikanywa chai yao. Vikombe viwili, na kaimati nikala.

Niandike nini zaidi? Nimekwenda kusema kweli nimerudi nimeuza duka la mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekosea hesabu stoo. Nimeandika maboksi 40 badala ya 14. Bosi kauliza kama naumwa.

Jumatano, 13 Agosti

Mkataba. Wakili aliniuliza bei aandike ngapi, nikamwambia aache wazi, tutajaza. Hakuuliza. Ameshaona wengi kama mie, naona.

Nilipanga jibu kwa ajili ya shemeji akiuliza kwa nini bei haipo. Nilikuwa na majibu mawili, nimeyaandika kwenye karatasi mfukoni. Hayakuhitajika. Shemeji alisaini kila ukurasa, hakusoma hata mstari. Alipofika penye nafasi ya bei akasema, "Hapa jaza wewe, shemeji. Mwandiko wako unasomeka."

Kanipa na kadi ya gari, nikaitia mkobani pamoja na mkataba.

Nimetembea kutoka kwake mpaka barabara kubwa, sikutaka bodaboda. Nilihisi kila mtu anauona ule mkoba.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwamvita kapiga mchana. Shemeji ana ombi dogo. Kabla gari halijaenda kwa mnunuzi, lipitishwe nyumbani kesho, hata juu ya brekidauni, watoto walipige picha. Anasafiri, hajui kama atarudi. Alisema hayo ya mwisho kwa sauti ndogo ili asisikike chumbani.

Nimesema sawa.

Hata juu ya brekidauni, kasema.

Mpango wa kesho:
Swala ya Ijumaa, kisha kulichukua Kimara.
Kuliendesha mwenyewe hadi nyuma ya lile ghala bovu, mitaa miwili kabla ya kwa shemeji.
Kulipakia pale juu ya brekidauni.
Kulizima kabisa, kadi ya kufungulia ikae mfukoni mwangu.
Kulitia vumbi kidogo, maana Brightson ameliosha.
Dakika kumi, picha, kuondoka.

Nimeusoma mpango huu. Una mpangilio mzuri, sikusahau kitu. Kama mtu mwingine angeniletea ningemdharau.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa kumi kasoro robo. Naandikia chumba cha wageni, nyumbani kwa shemeji. Mlango nimeufunga. Nimewaambia naswali. Siswali.

Niandike kwa mpangilio.

Dereva wa brekidauni ni yule yule wa siku ile. Alifika nyuma ya ghala akanikuta nimekaa ndani ya gari, taa zinawaka, kiyoyozi kinapuliza. Akashuka, akazunguka.

"Si hili lilikuwa marehemu?"

Nikamwambia lipakie tu.

"Mzee, lipakie vipi? Hilo si linatembea?"

Nikaliendesha mwenyewe likapanda. Yeye amesimama pembeni kashika kiuno, anacheka peke yake. "Nimebeba maiti wengi, leo nabeba mzima! Anakwenda kutembea mjini!" Nikaongeza elfu ishirini ili anyamaze. Alinyamaza, lakini alinitazama. Kisha nikachota vumbi kwa viganja nikamwaga juu ya boneti. Mbele yake. Nilifanya hivyo.

Tukaingia mtaani. Watoto wakakimbilia, "Jini! Jini!" Mwamvita akafungua geti. Shemeji akatoka pole pole, kanzu nyeupe, kofia, kashikwa mkono na Rumaisa. Nikasimama kando ya lori, mkoba kwapani, nikasema maneno niliyopanga: ndiyo hivyo shemeji, linakwenda.

Alikuja mpaka karibu. Hatua tano, nne. Na gari likaamka.

Taa zikawaka zote. Vioo vya pembeni vikafunguka kama masikio. Vitasa vya milango, vile vinavyojificha ndani ya bodi, vikatoka nje vyote vinne kwa pamoja, vikangoja mkono.

Ilikuwa simu yake! Iko mfuko wa kanzu. Simu ya mwenye gari nayo ni ufunguo, alishaiunganisha tangu mwanzo, likimsikia karibu linamfungulia. Kadi ya kufungulia nilikuwa nayo mimi, nikadhani basi. Sikulifikiria. Mimi, wa kuandika kila kitu.

Watoto walipiga kelele. Dereva wa brekidauni akageuka akatazama ukuta.

Shemeji alisimama tu, mdomo wazi. Mkono kifuani. Nikaogopa moyo wake – wallahi hilo niliogopa kweli, kuliko yangu yote. Akanigeukia. Machozi yanamtoka.

"Shemeji," kasema. "Umelitengeneza. Umelitengeneza ukanificha! Ili unifurahishe!" Akanikumbatia pale pale, barabarani, mwepesi kama nguo iliyoanikwa, anacheka na kulia. "Mwamvita, mwone kaka yako! Mwone mtu huyu!" Majirani wakatoka. Mzee mmoja akapiga makofi. Shemeji akawaambia wote, shemeji yangu huyu, kalitengeneza kwa hela yake, hakusema neno. Akataka lishushwe. Akataka kukaa ndani. Dereva akafungua mikanda haraka haraka, hakunitazama tena.

Sasa wako nje. Nasikia mlango wa gari, nasikia Rumaisa anaomba wazunguke mtaa mara moja tu. Shemeji yuko kwenye simu, anapaza sauti kuliko alivyopaza mwezi mzima. Anampigia mtu wa fremu. Anamwambia kesho usije, duka haliuzwi, gari limepona, namshukuru Mungu na shemeji yangu.

Kwa hiyo duka limepona. Hilo ni jema. Nikiulizwa nitasema hivyo, duka limepona.

Naweza kutoka sasa hivi nikatabasamu. Naweza kusema ndiyo, nilitaka iwe sapraizi, na mteja ana 84, nimekuhifadhia, haya jaza bei mwenyewe. Kila kitu kitakwenda mahali pake. Hakuna atakayejua. Adelard hajui kitu. Brightson hajui bei ya shemeji. Hamida nitamwambia cha juu kimekufa. Shemeji atakwenda India ananiombea dua. Ninachotakiwa kufanya ni kupokea shukrani tu, kila anapozitoa, miaka yote iliyobaki.

Au nimwambie. Kesho kutwa anapanda ndege na moyo ule.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika Mwamvita alipogonga. Hakuingia. Kasimama nje ya mlango, kasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kaka. Sasa kama gari zima, limepanda brekidauni kufanya nini?"

Nikajifanya niko kwenye sijida.

"Na lile vumbi? Boneti peke yake ndiyo ina vumbi. Lina alama za vidole vyako."

Nimetazama mikono. Bado ina vumbi.

Nje wanacheka, gari limeondoka getini bila sauti, nimejua tu kwa kelele za watoto. Yeye hajaenda nao. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Amegonga tena. Mara hii hakusema kaka. Ameniita kwa jina: "Shomari."